Mabano

Asubuhi wameniletea madundu wa Rondo,
masanduku matatu ya mninga yanayonuka nafthalini,
na barua ya ukurasa mmoja: jenasi imevunjwa.
Imevunjwa kama nyumba ya urithi,
huyu chumba cha mbele, yule ukumbi, wale wajenge kwingine,
na mimi, Fadina binti Nambunga,
karani wa wadudu hapa Naliendele,
niandike lebo upya, mia moja na kumi na nne,
herufi ndogo kuliko punje ya ufuta.

Madundu hawakuulizwa.
Kila mmoja ana pini katika bawa la kulia,
siku zote la kulia, ndivyo nilivyofundishwa,
la kushoto libaki zima, litoe ushahidi.

Dokta Chilumba alinisogezea hadubini taratibu,
kama mtu anayebangua korosho asitake kuipasua.
"Hesabu meno ya kipaji. Huyu manne. Huyu sita.
Miaka yote tuliwaita ndugu
kwa kuwa wote weusi, wote wabiringisha mavi."
Nikahesabu.
Kweli, sita.

"Na wakilingana meno?"
Akakohoa. Akatoa kichupa cha spiriti,
ndani kitu chembamba kama ukucha wa mtoto:
uume wa dundu, umechomolewa, umeoshwa, umepewa namba.
"Hapa ndipo ubishi huisha."
Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.
Somo yangu, Bi Somoe wa Kitangari,
alitufundisha hayo hayo unyagoni
na hakuwa na hadubini.

Niliingia unyagoni nikiitwa Tabu.
Nikatoka nimepakwa mafuta, kanga mpya ikiniwasha shingoni,
naitwa Fadina,
na atakayeniita Tabu atalipa kuku.
Mama hakulipa kamwe.
Alilihifadhi jina lile kwa ajili ya homa,
akiliita gizani, polepole, nami naitika.
Miaka baadaye, kwenye fomu ya kitambulisho, nilijaza yote mawili.
Karani akakata moja kwa rula.

Sheria ya madundu ina huruma kidogo.
Dundu akihamishwa jenasi, jina la pili humfuata;
mkia wake tu hubadilika, kama kivumishi kinavyotii ngeli:
mti mweusi, kiti cheusi, jiwe jeusi.
Na aliyempa jina mwanzo hafutwi,
hutiwa ndani ya mabano.
Anakaa humo amekunja magoti,
mgeni aliyeuwahi mkeka kabla ya wenye nyumba.

Basi nikaandika. Mabano, mabano.
Saa sita umeme ukakatika, nikahamia dirishani.
Chini ya mkorosho kulikuwa na dundu mzima,
anasukuma tonge lake kinyumenyume, kichwa chini,
likamponyoka, akalifuata.
Sikumhesabu meno.

Ilikuwa lebo ya mia na tisa.
Nilipoivua ya zamani, nyuma yake palikuwa na penseli,
imefifia, mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani:
Mnali, mshika taa.
Basi.
Mbele, kwa wino, jina la bwana mkusanyaji,
tarehe, mwinuko, "usiku, kwenye taa".
Taa imeandikwa. Aliyeishika, nyuma.

Nilimwuliza Dokta. Akasema kanuni haimjui mshika taa,
akasema pia, huku anatazama nje,
kwamba nyuma ya lebo hapana kanuni.

Nikachukua karatasi mpya.
Mbele nikaandika kila kilichotakiwa, sikukosea nukta.
Nikaigeuza. Mkono ulitetemeka kidogo,
nafasi yenyewe haitoshi hata kwa chawa:
(Mnali).

Kisha mia na kumi. Mia na kumi na moja.
Jioni ugali wangu ulinuka nafthalini.
Mwanangu akauliza, "Leo ulifanya nini?"
Nikasema nimehamisha watu nyumba,
na hakuna aliyebeba hata kikapu.